Wasifu wa Mtetezi Mgeni: Maisha ya Dudley Thompson na Msomaji wa Mghange

UTANGULIZI

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameipa riwaya, tamthilia na ushairi sehemu kubwa ya jitihada zao. Wasifu na tawasifu wamewaachia wanahistoria, kana kwamba maisha ya mtu yakishaandikwa huwa si kazi ya sanaa bali ni kumbukumbu tu. Msimamo huo una madhara. Maisha hayajisimulii yenyewe. Yuko anayechagua mahali pa kuanzia na mahali pa kukomea, na ndiye anayeamua nani aseme na nani anyamaze. Uchaguzi huo ni wa kifani, lakini matokeo yake ni ya kimaudhui, na mara nyingine ni ya kisiasa.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kutumia maisha ya Dudley Thompson, mwanasheria wa Jamaika aliyehamia Tanganyika akawa wakili mjini Moshi, kisha akawa miongoni mwa mawakili waliowatetea Jomo Kenyatta na wenzake katika kesi ya Kapenguria. Swali letu ni moja: maisha ya mtetezi aliyetoka ugenini yapimwe kwa kipimo gani? Jibu tunalolitetea ni kwamba haitoshi kuyapima kwa urefu wa safari yake wala kwa vyeo alivyovipata. Hapana budi yapimwe kwa sauti ya wale aliowatetea: je, wamo ndani ya masimulizi wakisema, au wamo wakisemewa tu?

Tutayasoma maisha hayo tukiwa tumesimama Mghange, katika vilima vya Dawida, wilayani Taita. Msomaji wa Mghange si mtu fulani. Ni mahali pa kusomea. Tumempendelea kwa sababu mbili. Kwanza, yuko karibu na njia. Akishuka hadi barabara ya Voi na Taveta, akipita Maktau, akavuka mpaka, atafika Moshi bila kusafiri siku nzima. Pili, huyu ni mtu anayeishi katika lugha zaidi ya moja: Kidawida nyumbani, Kiswahili sokoni na barabarani, Kiingereza shuleni na ofisini. Anajua kwa uzoefu wake tofauti iliyopo baina ya kusema na kusemewa.

MAISHA KWA UFUPI

Dudley Thompson alizaliwa Panama mwaka 1917, wazazi wake wakiwa Wajamaika. Panama ya wakati huo ilikuwa imejaa watu wa visiwa vya Karibi waliofuata kazi za mfereji uliofunguliwa mwaka 1914. Kwa hiyo alizaliwa ugenini, akalelewa Jamaika, katika wilaya ya Westmoreland. Alisomea ualimu, akafundisha, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alijiunga na jeshi la anga la Uingereza. Baada ya vita alipata nafasi ya kusoma Oxford kwa msaada wa Rhodes, akahitimu sheria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Tanganyika, wakati ambapo mawakili weusi katika mahakama za Afrika ya Mashariki walikuwa wachache mno. Kutoka Moshi alishiriki katika utetezi wa Kapenguria. Katikati ya miaka ya 1950 alirudi Jamaika, akaingia siasa, na katika serikali ya Michael Manley akashika nyadhifa za uwaziri, ikiwemo ile ya mambo ya nchi za nje kuanzia mwaka 1975. Mwaka 1992 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipounda kamati ya watu mashuhuri kushughulikia madai ya fidia kwa ajili ya utumwa na ukoloni, chini ya uenyekiti wa M.K.O. Abiola wa Nijeria, Thompson alikuwa mmoja wao pamoja na Ali Mazrui wa Mombasa. Mwaka 1993 kilitoka kitabu cha maisha yake, From Kingston to Kenya, alichokiandika kwa ushirikiano na Margaret Cezair Thompson. Alifariki Januari 2012.

Mtu aliyezaliwa Panama kwa Wajamaika, akasoma Uingereza, akaweka ofisi Moshi, akatetea Kapenguria, akatawala Kingston! Rahisi msomaji kuvutwa na safari yenyewe, akasahau kuuliza ilimfaa nani. Wala njia hiyo hakuianza yeye. George Padmore wa Trinidad alifanya kazi bega kwa bega na Kenyatta mjini London katika miaka ya 1930, na wote wawili walishiriki katika mkutano wa Manchester wa mwaka 1945. Baadaye Walter Rodney wa Guyana alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake cha mwaka 1972 kikasomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wetu. Jina la Rodney lingali likitajwa madarasani. La Thompson halitajwi sana, ingawa ndiye aliyeishi jirani zaidi na Taita.

MIFANO MITATU YA KIENYEJI

Kabla ya kulihukumu simulizi la mgeni, yafaa tutazame mizani tuliyo nayo sisi wenyewe. Kiswahili kina angalau mifano mitatu ya kusimulia maisha.

Mfano wa kwanza ni maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe. Hapa msemaji ni mmoja. Safari, biashara, vita na faida vyote vinapita katika kinywa chake. Watu waliobeba pembe na waliotiwa minyororo wamo ndani ya habari, lakini hawana la kusema. Wamo kama hesabu. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tawasifu yoyote ina hatari hiyo, lakini katika kazi hii hatari yenyewe ndiyo muundo wa kazi.

Mfano wa pili ni Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, uliochapishwa mwaka 1934. Humo mwana anasimulia habari za wazee wake, watu waliotekwa, wakakombolewa baharini na kufikishwa Freretown karibu na Mombasa. Sauti ni ya jamaa wa wahusika, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo mwandishi anamshukuru mkombozi Mwingereza kwa kiasi ambacho mkombolewa hupewa nafasi ndogo ya kuhoji masharti ya ukombozi wake. Utetezi unageuka kuwa hisani, na anayefanyiwa hisani hatazamiwi kulalamika.

Mfano wa tatu ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Mwandishi mwenye jina tayari anaiweka kalamu yake chini ya maisha ya mwanamke aliyetoka katika umaskini wa Fumba, Unguja, akapanda kwa sauti yake mwenyewe hadi santuri zake zikasikika pwani nzima. Tunaweza kubishana na Shaaban Robert kuhusu wingi wa mawaidha yake. Hatuwezi kubisha kwamba nafasi ya katikati ameiacha kwa Siti. Mwandishi ni mtetezi, naye anajua kwamba yeye siye habari.

Kwa mifano hii tunapata kipimo. Wasifu wa mtetezi unaweza kuwa wa kujivutia ngozi, au wa hisani, au wa kumwachia mteja nafasi ya katikati. Sasa tuyatazame maisha ya Thompson.

JINA LA KITABU NA NCHI ILIYORUKWA

Tuanze na jina la kitabu chake. Jina linataja vituo viwili, Kingston na Kenya. Kwa msomaji wa ng'ambo hilo ni jina zuri: herufi za mwanzo zinalandana, na Kenya ilikuwa imejulikana duniani kwa sababu ya Mau Mau. Kwa msomaji wa Mghange jina hilo lina pengo. Mtu huyu hakutoka Kingston akatua Kenya. Aliishi Moshi, Tanganyika. Ilikuwa ni katika ardhi ya chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, si koloni la walowezi kama Kenya, alikoweza kufungua ofisi. Kati ya ofisi hiyo na kesi iliyompatia jina kuna nchi nzima iliyorukwa, na mwanzo wa nchi hiyo ni Taveta, Maktau na Voi.

Nchi hiyo haikuwa tupu. Reli ya Voi hadi Taveta ilijengwa kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaunganishwa na ya Moshi. Katika vita hivyo hivyo, mwaka 1915, watu wa Kasigau waliondolewa kwao na serikali ya Kiingereza, wakishukiwa kuwasaidia Wajerumani, wakapelekwa Malindi. Hawakurejea hadi miaka ya 1930. Ardhi nzuri ya Taveta ilishikwa na mlowezi Ewart Grogan, na mashamba ya mkonge yakaenea tambarare. Mwaka 1939 Wataita waliunda Taita Hills Association, wakidai ardhi na kushirikiana na Kikuyu Central Association. Mei 1940 vyama hivyo, pamoja na Ukamba Members Association, vilipigwa marufuku, na viongozi wakazuiliwa, akiwemo Woresha Kengo wa Taita.

Tunazitaja habari hizi kwa sababu zinabadilisha maana ya utetezi. Mtu akisoma kwamba mwaka 1952 mawakili walikuja kutoka Uingereza, Nijeria, India na Jamaika kuitetea haki ya Waafrika wa Kenya, anaweza kudhani kwamba haki hiyo ilikuwa imelala mpaka wageni wakaja kuiamsha. Msomaji wa Mghange anajua kwamba miaka 12 kabla ya Kapenguria watu wa vilima vyake walikwisha kudai, wakajibiwa kwa marufuku na kizuizi. Walichokikosa ni mahakama ya kuwasikiliza. Watu wa Kasigau hawakuwa na Pritt wala Thompson. Kwa hiyo methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, ina ukweli wake hapa, lakini ni ukweli wa nusu. Mgeni huweza kumponya mwenyeji aliyekwisha kujua ugonjwa wake na kuutaja kwa jina.

KAPENGURIA: KESI YA LUGHA

Kesi ilianza mwishoni mwa mwaka 1952 na hukumu ikatolewa Aprili 1953. Washtakiwa walikuwa sita: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Utetezi uliongozwa na D.N. Pritt. Pamoja naye walikuwako H.O. Davies wa Nijeria, Chaman Lall wa India, Thompson, na mawakili wa Kenya kama A.R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Washtakiwa walihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Oneko alishinda rufani yake, lakini hakuachiwa, aliendelea kuzuiliwa.

Wanahistoria wameieleza kesi hii kama kesi ya kisiasa. Kwa wanaisimu ilikuwa pia kesi ya lugha. Maneno yaliyodaiwa kusemwa mikutanoni na katika viapo yalimfikia hakimu Ransley Thacker yakiwa yamekwisha kuvishwa Kiingereza. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete na kukijua Kikikuyu vizuri sana, lakini pia aliyekuwa amekwisha kuandika kitabu dhidi ya Mau Mau. Upande wa utetezi ulimpinga kwa kuwa hakuwa mtu wa katikati, naye akaacha kazi hiyo kabla kesi haijaisha.

Tukio hilo lastahili kuangaliwa kwa makini na kila mwalimu wa tafsiri. Leakey hakupingwa kwa kutojua lugha. Alipingwa ijapokuwa aliijua. Hoja ya utetezi ilikuwa kwamba ujuzi wa lugha hautoshi kumfanya mtu awe mkalimani mwaminifu; kuna pia mahali anaposimama. Thompson mwenyewe alitoka katika nchi ambayo sheria yake husema Kiingereza ilhali watu wake wengi husema Krioli. Mtu wa asili hiyo hahitaji kufundishwa kwamba shahidi anaweza kuwa na ukweli mtupu, ukamharibikia njiani baina ya lugha yake na ya hakimu.

Lakini hoja hiyo ina makali mawili. Mawakili wageni, Thompson miongoni mwao, nao walitegemea wakalimani. Walichokisikia kwa wateja na mashahidi, kilipotoka katika lugha za wenyewe, nao walikipata baada ya kutafsiriwa. Na masimulizi ya baadaye ya kesi hiyo yameandikwa zaidi kwa Kiingereza, na zaidi na watu waliosimama upande wa meza ya mawakili. Wa kizimbani walichelewa kuandika, na wale wa chini kabisa hawakuandika. Rawson Macharia, shahidi wa serikali, alipotangaza mwaka 1958 kwamba alilipwa ili aseme uongo, yeye ndiye aliyeshtakiwa na kufungwa. Sauti ya mwenyeji ilipojitetea nje ya kinywa cha wakili, mahakama haikuwa na sikio la kuipokea.

Msomaji wa Mghange ana sababu ya ziada ya kulifikiri hilo. Baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954 maelfu ya watu walipelekwa Manyani, kambi iliyojengwa si mbali na Voi. Mwaka huo huo homa ya matumbo iliua watu kambini humo. Waliokuwamo wengi wao hawakuwa wamefikishwa mbele ya hakimu yeyote. Wakati Kapenguria ilikuwa na mawakili wa nchi nne, Manyani haikuwa na hata mmoja. Wasifu wa mtetezi wa Kapenguria usioitazama Manyani unakuwa kama taa inayoangaza chumba kimoja katika nyumba yenye giza. Na mwenye nyumba hawezi kuridhika kwa kusifiwa chumba hicho.

GREEN BAY: SHAHIDI ANAHOJIWA

Mhakiki wa tawasifu ana wajibu kama wa wakili: amhoji shahidi anayejisemea. Katika maisha ya Thompson iko siku ambayo haiwezi kurukwa. Januari 1978 wanajeshi wa Jamaika waliwaua kwa risasi vijana watano wa Kingston mahali paitwapo Green Bay, baada ya kuwarubuni wafike huko. Thompson, aliyekuwa waziri wa usalama wa taifa katika serikali ya Manley, alitoa kauli iliyosambaa kote na iliyomfuata hadi mwisho wa maisha yake: kwamba waliokufa pale hawakuwa malaika.

Hatuitaji kauli hiyo ili kumfedhehesha marehemu. Tunaitaja kwa sababu ni sehemu ya ushahidi, na kwa sababu ni jambo la lugha. Kazi nzima ya utetezi huko Kapenguria ilijengwa juu ya kanuni kwamba haki ya mtu haitegemei umalaika wake. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba washtakiwa ni waovu, na kwa hiyo taratibu za kawaida ziliweza kulegezwa. Mawakili walijibu kwamba uovu hauthibitishwi kwa kutajwa. Miaka 25 baadaye mmoja wao, akiwa sasa upande wa dola, alitumia sarufi ile ile aliyokuwa ameipinga: waliouawa wakasemewa tabia yao, na swali la nani aliyewaua na kwa amri ya nani likasukumwa pembeni.

Wako watakaosema kwamba kosa la siku moja lisifute kazi ya miaka mingi. Ni kweli, na hatulifuti jambo lolote. Tunasema kwamba wasifu bora ungeziweka siku hizi mbili bega kwa bega, ili msomaji aone jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa mtetezi anapokuwa mgeni asiye na dola, na kuwa mshtaki anapokuwa mwenyeji mwenye dola. Hapo ndipo fundisho la maisha haya lilipo kwa nchi zetu, ambazo nazo zimewaona wafungwa wa jana wakiwa wafungaji wa leo. Kenya iliyopata uhuru mwaka 1963 iliirithi sheria ya kuzuilia watu bila kesi na kuitumia. Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta, alifungwa tena baada ya uhuru.

HITIMISHO

Mwisho wa maisha ya Thompson unarudisha mizani upande wake kwa kiasi. Harakati za fidia alizozifanya katika miaka ya 1990 zilikuwa ni utetezi wa watu ambao hakuna mahakama iliyopata kuwasikia: waliosafirishwa kupitia bahari ya Atlantiki, nao ni wazee wake mwenyewe. Hapo mtetezi na mteja walikuwa damu moja. Katika kamati ile alikaa pamoja na Mazrui wa Mombasa, mji uliopakana na Freretown ya Mbotela. Historia mbili za utumwa, ya magharibi na ya mashariki, zilikutana katika meza moja.

Juni 2013, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya kifo chake, serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari jumla ya pauni milioni 19.9, na ikaeleza masikitiko yake. Kabla ya hapo wazee wachache kati yao walikuwa wamesimama mbele ya mahakama kuu ya London na kutoa ushahidi wa yale yaliyotendwa juu ya miili yao. Walikuwa na mawakili, na bila mawakili wasingefika pale. Lakini kilichoigeuza kesi ni kwamba wao wenyewe walisema.

Huo ndio wasifu unaongoja kuandikwa kwa Kiswahili, na kwa lugha za nchi kama Kidawida: si wa mtetezi peke yake, bali wa mtetezi na mteja wake katika ukurasa mmoja. Mjamaika wa Moshi anastahili nafasi humo, pamoja na Kapenguria yake na Green Bay yake. Na wanaostahili nafasi kabla yake ni wazee wa Kasigau waliopelekwa Malindi, viongozi waliozuiliwa mwaka 1940, na wafungwa wa Manyani. Baadhi ya watoto wao wangali hai, na vinasa sauti vimo katika idara zetu. Kazi hiyo haihitaji mkalimani wa kutoka mbali.